Kopo la Viduara

Jumatatu ilikuwa siku ya suruali za kazi.
Mama aliketi kwenye bomba la nane, Muthurwa,
akakunjua pindo la mguu wa kushoto, halafu wa kulia,
na viduara vikamwagika majini:
vya kijani, vya samawati, vyeupe vichache,
hakuna kilichozidi ukucha wa mtoto.

Baba, Ekirapa mkagua tikiti, koleo mkononi,
alitoboa kadi za watu toka hapa hadi Kampala,
na gari lilipoyumba kwenye kona za Timboroa
viduara vilimdondokea miguuni, vikajificha pindoni,
akaja navyo nyumbani bila kujua
kama kondoo anayerudi na mbigili kwenye manyoya.

Mama hakuvitupa. Alivianika juu ya gunia,
akavitia kwenye kopo la Kimbo.
Tulikuwa watano, chumba kimoja, pazia moja,
na jioni tulivimwaga sakafuni.
Amoit huinua kimoja: "Huyu ni mwalimu, anashukia Jinja."
Mimi: "Wapi! Huyu ni muuza samaki, hebu nusa."
Cheupe kilikuwa daraja la kwanza;
hicho tulikilaza juu ya pamba.
Emojong, kitinda mimba, alimeza kimoja cha Tororo,
tukamcheka wiki nzima:
"Una abiria tumboni. Usikimbie, atapitwa na kituo chake."

Tikiti husafiri na mwenyewe. Kiduara hubaki.
Hivyo ndivyo nilivyoielewa nchi ya jirani:
kwamba huko, mifukoni mwa watu nisiowajua,
mna matundu madogo,
na kilichoyatoka kimo chini ya kitanda chetu, Nairobi.

Kisha ukaja mwaka wa kugawana.
Wakubwa hawakuanza kwa kuagana, walianza kwa kuhesabu.
Kichwa cha treni kilicholala kwetu kikawa chetu,
behewa lililolala kwao likawa lao,
hata uma wa gari la chakula ulipata uraia.
Na baba usiku ule alilala Tororo.

Siku kumi na moja.
Mama alifua Jumatatu mbili, mashuka tu.
Majirani walikuja na pole zenye sauti ya matanga.
Akawajibu, "Hajafa. Amegawanywa."

Alivuka Malaba kwa miguu,
akapata lori la mahindi mpaka Nakuru, jingine mpaka hapa,
vifungo vyake bado vina nembo ya shirika lisilokuwepo.
Koleo alilificha kwenye soksi.
"Hili," alisema, "hawakulihesabu."
Mama hakumsalimu kwanza. Alipiga magoti pale mlangoni,
akakunjua pindo la kushoto,
halafu la kulia.
Kilianguka kimoja. Cha kijani.

Nimestaafu na mimi sasa, na magoti yangu yanajua.
Mwezi uliopita nilikwenda ile stesheni mpya ya Syokimau.
Kijana alielekeza karatasi yangu kwenye mashine,
ikalia *ti*, lango likafunguka.
Niliinama kutazama, kwa mazoea tu,
foleni ikaguna nyuma yangu.
Sakafu ilikuwa safi. Safi ya kuudhi.

Kesho nakwenda Tororo kwa Amoit, aliyeolewa huko
akazeekea huko, na mwaka huu amemzika mumewe huko.
Gari la moshi halipo. Nimekata tikiti ya basi,
karatasi laini kama ngozi ya kitunguu.
Usiku huu nimelitoa koleo, nimelipaka mafuta ya kupikia,
limelalamika, limebana, limeuma.

Kiduara kimeanguka mezani, cheupe.
Daraja la kwanza, angesema Emojong.
Nimekitia kopo pamoja na wenzake,
nikaliweka sikioni, nikalitikisa mara moja.

Bado linapanda Timboroa.